Kondomu, Vidonge vya Majira na Miezi Sita ya Dawa za Kifua Kikuu

Mimi na mume wangu tulianza na kondomu, tukahamia vidonge vya majira, na sasa tunatumia vyote viwili kwa pamoja. Katika miaka hiyo tumejaliwa watoto wawili: wa kwanza tulimpanga, wa pili alitungwa wakati nikimeza kidonge kila usiku bila kuruka hata kimoja. Ninaandika kwa ajili ya wanawake, na wanaume pia, wanaokwenda kumuuliza muuguzi ni kipi kinachozuia mimba zaidi kati ya hivyo viwili, kisha wakaondoka na jibu la neno moja. Jibu hilo, yaani "vidonge", si la uongo, ila linaacha nje mambo ambayo sisi tuliyajua kwa kuyapitia.

Nianze na namba, kwa kuwa nafundisha hisabati katika shule ya sekondari mjini Tanga na mazoea hayaniachi. Kwa mujibu wa takwimu zinazotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kati ya wanawake 100 wanaoshiriki tendo la ndoa kwa mwaka mzima bila njia yoyote ya kuzuia mimba, 85 hushika mimba. Wakitumia vidonge kwa namna ambayo watu wa kawaida huvitumia, leo wakisahau na kesho wakichelewa, wanaoshika mimba ni 7. Wakitumia kondomu ya kiume kwa namna hiyohiyo ya kawaida ni 13, na kwa kondomu ya kike ni 21. Lipo pia fungu la pili la namba ambalo mara nyingi halisomwi, nalo linawahusu wale wanaotumia njia yao bila kosa lolote. Hapo walioshika mimba wakitumia vidonge ni 0.3 kati ya 100, yaani wanawake 3 kati ya 1,000. Kwa kondomu ya kiume ni 2 kati ya 100, na kwa ya kike ni 5.

Ukiyalinganisha mafungu hayo mawili utaona jambo ambalo mimi sikuambiwa na yeyote. Kondomu ya kiume katika matumizi ya kawaida hushindwa mara sita na nusu zaidi kuliko inapotumiwa sawasawa, ilhali vidonge hushindwa zaidi ya mara 20. Kidonge chenyewe ni imara kuliko kondomu, lakini ndicho kinachopoteza sehemu kubwa zaidi ya uimara wake kikishafika nyumbani kwa mtu mwenye mtoto mgonjwa, mwenye msiba wa ghafla, au mwenye safari aliyoanza alfajiri akausahau mkoba. Kwa hiyo mtu anayelinganisha njia hizi mbili hana budi kuyatazama pia maisha yake yalivyo, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama ataangukia fungu la kwanza au la pili.

Tena namba hizo ni za mwaka mmoja tu, na ndoa haidumu mwaka mmoja. Ikiwa kila mwaka wanashika mimba 7 kati ya 100, basi kwa hesabu ya kuzidisha, baada ya miaka mitano karibu 30 watakuwa wameshika mimba; kwa 13 ya kondomu watakuwa karibu nusu yao. Hesabu hiyo inatia hofu kuliko hali ilivyo, kwa sababu takwimu zenyewe ni za mwaka wa kwanza wa matumizi, na wanaoendelea na njia fulani kwa miaka huizoea na kukosea kidogo zaidi. Hata hivyo inaeleza kwa nini karibu kila familia ina shangazi aliyezaa akiwa kwenye uzazi wa mpango.

Tulipooana nilikuwa bado chuoni, na mume wangu alikuwa ameajiriwa karibuni katika mgodi wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa, ambako hufanya kazi kwa zamu za wiki kadhaa kisha akaja nyumbani kupumzika. Kwa watu wanaoonana siku chache na kuachana kwa wiki nyingi, kondomu ilionekana kuwa ndiyo yenye akili: kwa nini nimeze dawa kila siku kwa ajili ya mtu ambaye hayupo? Kwenye kituo cha afya tulizipata bure, na tulipotaka kukwepa foleni tulizinunua dukani kwa fedha ndogo. Gharama yake kubwa ilikuwa maneno. Wifi yangu aliiona pakiti kabatini, na kwa muda mrefu aliniuliza kwa mafumbo ni nani kati yetu asiyemwamini mwenzake. Wengi kwetu huihesabu kondomu kuwa kitu cha nje ya ndoa, na mke anayeitaja huonekana ama anakiri jambo au anamshutumu mume. Sisi tuliyavuka hayo kwa kupima virusi vya Ukimwi pamoja kabla ya ndoa na kukubaliana waziwazi kwamba kwetu kazi ya kwanza ya kondomu ni kuzuia mimba, na kwamba kinga ya magonjwa ni faida ya ziada ambayo hakuna kidonge cha majira kinachoitoa.

Kisha usiku mmoja ikapasuka. Tanga mafuta ya nazi hayakosekani mezani kwa mwanamke yeyote, na tuliyatumia kama kilainishi bila kujua kwamba mafuta, yawe ya nazi, ya mgando au ya kupikia, huudhoofisha mpira wa kondomu ndani ya dakika chache. Kilainishi salama kwa kondomu za mpira ni kile chenye asili ya maji, nacho hupatikana katika maduka ya dawa ukiwa na ujasiri wa kukitaja mbele ya wateja wengine. Asubuhi yake nilikwenda kununua P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo, ambayo bei yake ingenunua pakiti kadhaa za kondomu, na nikaimeza palepale kwa maji ya chupa. Dawa hiyo huchelewesha yai kupevuka na kutoka, na kadiri inavyomezwa mapema ndivyo inavyofaa zaidi. Hushauriwa ndani ya saa 72, ingawa inaweza kusaidia kwa kiasi hadi siku ya tano. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Nilikaa na hofu hadi nilipoziona siku zangu, zikiwa zimechelewa kidogo kwa sababu ya dawa yenyewe.

Tukio lile lilinipa wazo ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Kondomu inaposhindwa kwa kupasuka au kuvuka, hushindwa mbele ya macho yenu. Mnajua usiku uleule, na bado mna siku za kufanya jambo: P2, au kitanzi cha shaba, ambacho kikiwekwa na mhudumu ndani ya siku tano huzuia mimba kwa uhakika zaidi ya P2. Kidonge hakina namna ya kukuambia kwamba leo hakikufanya kazi.

Baada ya hapo tulijifunza kuitumia kondomu kama inavyotakiwa, na kwa kweli hatukupata tena tatizo hadi tulipoiacha kwa hiari ili tupate mtoto. Tuliziondoa juu ya kabati, ambako joto la bati lilizichemsha mchana kutwa, tukaziweka kwenye droo ya chini. Tulisoma tarehe ya mwisho wa matumizi, tukabonyeza pakiti kuhakikisha kwamba hewa bado imo ndani, tukabana ncha wakati wa kuvaa, na mume wangu akazoea kuishikilia kwenye shina wakati wa kutoka, kabla uume haujalegea. Yupo anayedhani kuvaa mbili kwa pamoja ni usalama maradufu. Mpira ukisuguana na mpira hupasuka upesi zaidi. Na zaidi ya ufundi wote, ni lazima ivaliwe kila mara na tangu mwanzo wa tendo. Ninaamini sehemu kubwa ya ile 13 inatokana na zile siku ambazo wawili waliamua kwamba leo hakuna hatari.

Mtoto wa kwanza alipotimiza miezi sita nilikwenda kuomba vidonge. Muuguzi alinipima shinikizo la damu, akaniuliza kama navuta sigara, kama nimewahi kuganda damu miguuni, kama huumwa kichwa cha upande mmoja kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, na kama bado nanyonyesha. Maswali hayo si ya kupoteza muda, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyomo katika vidonge vya kawaida huongeza hatari ya damu kuganda kwa wanawake wenye hali hizo, na kwa anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita haishauriwi. Ukipewa pakiti bila kuulizwa lolote, uliza mwenyewe. Vidonge vilikuwa bure. Nilicholipia ni bodaboda na asubuhi za foleni.

Miezi ya mwanzo haikuwa mizuri. Nilipata kichefuchefu, matiti yaliniuma, na matone ya damu yalikuja katikati ya mwezi yakanifanya nidhani nimeharibika. Mambo hayo kwa wengi hutulia ndani ya miezi mitatu hivi, na kwangu yalitulia. Pakiti ilikuwa na vidonge 28: 21 vyenye homoni, na 7 vya rangi ya kahawia vyenye madini ya chuma tu, ambavyo kazi yake ni kukufanya usipoteze mazoea wakati damu ya mwezi inapokuja.

Mume wangu aliporudi mgodini niliacha kumeza, nikapanga kuanza tena akikaribia kuja. Wanawake wengi ninaowafahamu wenye waume wa safari hufanya vivyo hivyo. Yule muuguzi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alipoona kwenye kadi yangu kwamba pakiti hazilingani na miezi, akaniambia, "Mwanangu, hivi si vya kumezwa siku mume anaposhuka kwenye basi." Alinieleza kwamba kidonge huzuia yai kupevuka, na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito, kwa sababu tu homoni imekaa mwilini mfululizo. Ukianza upya nje ya siku tano za mwanzo wa hedhi, siku saba za kwanza huna kinga ya kutegemea, na mumeo kwa likizo fupi anaweza kuja na kuondoka ndani ya siku hizo hizo saba. Tangu hapo nilimeza mwaka mzima, awepo asiwepo.

Aliniambia pia kanuni ya kusahau, nami naiandika hapa kwa kuwa ndiyo inayotafutwa kwa hofu usiku wa manane. Ukisahau kidonge kimoja au viwili vyenye homoni, meza kimoja mara tu ukumbukapo na uendelee kama kawaida, hata kama utameza viwili siku moja. Ukikosa vitatu au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na vilivyobaki, na tumia kondomu kwa siku saba. Ikiwa hayo yametokea katika wiki ya tatu ya pakiti, achana na vile saba vya chuma na uanze pakiti mpya mara tu vyenye homoni vikiisha. Ukitapika ndani ya saa mbili tangu umeze, meza kingine. Kuharisha au kutapika kwa zaidi ya siku mbili kuhesabu kama kusahau.

Mwanzoni nilimeza pamoja na chai ya asubuhi, hadi Ramadhani ilipokuja ikavuruga utaratibu, kwa sababu siku nilizolala nikapitiwa na daku kidonge nacho kilipitwa. Nikahamishia baada ya sala ya isha, saa ambayo haibadiliki sana iwe mfungo au si mfungo, na tangu siku hiyo sikusahau tena. Kwa anayefunga, huu ndio ushauri nilio na hakika nao kuliko mwingine wowote niliopewa au ninaoutoa.

Mambo yaliendelea hivyo hadi mume wangu alipopimwa kazini na kukutwa na kifua kikuu. Wanaofanya kazi kwenye vumbi la mwamba wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo, na familia zao hufuatiliwa. Nikaitwa, nikatoa makohozi, na majibu yangu yakawa kama yake. Nilianzishiwa dawa za miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata dawa mbili. Niliambiwa mkojo utakuwa na rangi ya chungwa na nisiogope, kwamba nisiache dawa hata nikijisikia nimepona, na kwamba nipimwe virusi vya Ukimwi, nikapimwa na kukutwa sina. Hakuna aliyeniuliza natumia njia gani ya uzazi wa mpango. Chumba cha kifua kikuu na chumba cha uzazi wa mpango vilitazamana katika uwanja mmoja, na nilikwenda katika vyote viwili mwezi mmoja, nikiwa na kadi mbili tofauti.

Miongoni mwa dawa nne ile inayoutia mkojo rangi ni rifampisini, nayo huliamsha ini livunje homoni za vidonge kwa kasi kuliko kawaida. Mwanamke anayemeza kidonge kila siku huku akitumia rifampisini anaweza kujikuta na homoni pungufu mwilini, ingawa kadi yake haina dosari. Dawa kadhaa za kifafa, kama vile kabamazepini na fenitoini, hufanya hivyohivyo, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi pia. Amoksilini na dawa nyingi za kawaida za bakteria hazina tabia hiyo, ijapokuwa watu huzisingizia.

Katika mwezi wa tatu wa matibabu sikuziona siku zangu. Nilidhani ni ugonjwa na kukonda, nikangoja, na kile kichefuchefu nikakihesabu kuwa ni cha dawa. Kipimo cha mkojo kilipotoka na mistari miwili nililia, si kwa sababu sikutaka mtoto, bali kwa sababu niliogopa kwamba dawa zimemdhuru, na kwa sababu nilijua namna watu watakavyonitazama nikisema nilikuwa nikimeza vidonge. Mume wangu mwenyewe, kwenye simu, aliuliza mara mbili kama nina hakika sikusahau. Swali lile liliniuma, na sina namna ya kulijibu kwa ushahidi. Wapo wale 3 kati ya 1,000 wanaoshika mimba bila kosa na bila rifampisini. Huenda mimi ni mmoja wao. Kondomu iliyopasuka unaiona na kuishika mkononi. Kidonge kilichoshindwa hakiachi kitu cha kumwonyesha mtu.

Kuhusu dawa, niliambiwa, na ni kweli, kwamba zile nne za kifua kikuu hutumika kwa wajawazito na kwamba hatari kubwa kwangu na kwa mtoto ingekuwa kuziacha. Nikazimaliza. Mtoto alizaliwa salama, na uzito wake ulikuwa mzuri.

Nilichoelezwa baadaye na yule muuguzi ndicho kilichonifanya niandike. Kwa mwanamke aliye kwenye rifampisini, jibu la "vidonge ni bora kuliko kondomu" hugeuka. Kondomu haipiti kwenye ini. Kwa miezi ile sita, na kwa wiki nne baada ya kumeza dawa ya mwisho, kwa kuwa ini huchukua muda kutulia, kondomu iliyotumiwa vizuri ingenifaa kuliko vidonge; kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono nacho hupungua nguvu kwa dawa hizo, lakini sindano ya miezi mitatu na kitanzi cha shaba haviguswi. Hata P2 hudhoofishwa na rifampisini, kwa hiyo mwanamke aliyepasukiwa na kondomu katika kipindi hicho aulizie kitanzi. Kila mara unapoandikiwa dawa mpya ya muda mrefu, taja vidonge vyako kwa anayekuandikia, na utaje dawa hiyo kwa anayekupa vidonge. Kadi zangu mbili sasa nimezibana pamoja kwa pini.

Hivi sasa nanyonyesha, na ninatumia vidonge vyenye homoni moja tu, visivyo na estrojeni na visivyo na siku za kupumzika. Hivi vinadai saa kuliko vile vya kwanza: ukichelewa zaidi ya saa tatu, inakupasa kutumia kondomu kwa siku mbili. Mume wangu akija tunatumia na kondomu pia. Kwa hesabu ya darasani, kama kushindwa kwa kimoja hakutegemei kushindwa kwa kingine, 7 na 13 kati ya 100 vikikutana hubaki karibu 1. Katika maisha havitengani hivyo, maana mtu mzembe kwa kimoja huelekea kuwa mzembe kwa cha pili, lakini nafuu ipo na ni kubwa. Tena akiwa anatoka katika wiki za kambi ya kazi, sioni haya kusema kwamba kinga ya magonjwa nayo naitaka, na yeye hajaona tena kwamba ninamshutumu.

Mtoto akitimiza miezi sita nitarudi kupimwa shinikizo la damu na kuamua kama nirejee vidonge vya kawaida au niweke kitanzi cha shaba, ambacho wanaoshika mimba nacho katika mwaka wa kwanza hawafiki hata 1 kati ya 100 na hakimdai mtu kukumbuka lolote usiku. Baadhi ya wanawake hupata hedhi nzito zaidi wakiwa nacho, na mimi nina historia ya upungufu wa damu, kwa hiyo nimeomba nipimwe wingi wa damu kwanza. Mume wangu ameomba tarehe hiyo iangukie kwenye mapumziko yake ili twende wote.